Alichokijua Mzee Obonyo

Kila asubuhi mtaani West Indies, Nelima huwachemshia wadogo zake chai kabla ya kwenda shuleni. Siku hiyo yake aliiacha ikapoa kikombeni. Daftari lake lilikuwa na uongo, na saa tatu angeusoma mbele ya wageni.

Mwalimu Jemutai alikuwa ameagiza kila mwanafunzi wa Gredi ya Sita achague neno linalotumiwa katika lugha nyingi, kisha amuulize mzee lilikotoka. Mshindi angeiwakilisha shule kwenye mashindano mjini Moi's Bridge. Nelima alichagua "chai", lakini uvivu ukamshika. Akaandika tu: "Mzee Obonyo, fundi wa viatu langoni mwa shule, ameniambia chai ni neno la Kibukusu." Yeye mwenyewe akiwa Mbukusu, jibu hilo lilimpendeza.

Kumbe wageni walioalikwa na mwalimu ni wazee wote waliotajwa madaftarini! Nelima aliposimama kusoma, alimwona Mzee Obonyo kwenye kiti cha mbele, amevaa koti lake la kanisani, anatabasamu. Akasoma kwa sauti ya chini.

"Aa, hata kwetu Wajaluo ni chai!" mwanafunzi mwenzake Amolo akadakia. "Mzee amedanganya!"

Darasa likaangua kicheko. Tabasamu la mzee likatoweka, akainamisha kichwa. Lo! Mtu mzima kuchekwa na watoto kwa kosa lisilo lake! Nelima akinyamaza, aibu itabaki kwa mzee. Akisema, kwaheri Moi's Bridge.

"Si yeye!" akalia. "Sikumuuliza. Nilitunga mwenyewe. Nisamehe, Mzee!"

Kicheko kikakatika. Mzee Obonyo akainuka polepole.

"Ungeniuliza, mjukuu wangu. Nilikuwa mlinzi kambini kwa Wachina waliojenga barabara. Wao chai huiita 'cha'. Nikadhani wanajaribu Kiswahili! Mkalimani wao akaniambia neno ni lao. Wafanyabiashara walilibeba pamoja na majani yenyewe hadi Uajemi, India, Uturuki, hata Urusi, mwishowe likatufikia sisi likiwa 'chai'."

Amolo akamwomba mzee radhi. Mwenzao Joyline ndiye aliyechaguliwa kwenda Moi's Bridge, na Nelima hakunung'unika.

"Kuuliza si ujinga," Mwalimu Jemutai akamwambia. "Jibu ulikuwa ukilipita langoni kila siku. Tena ukitaja jina la mtu, umebeba heshima yake. Usiiangushe."

Jioni hiyo Nelima alimpelekea Mzee Obonyo chupa ya chai, akaketi kando ya viatu, akafungua ukurasa mpya.

"Mzee," akasema, "sasa nauliza."