Besi Ndani ya Kasha

Treni ya Tanga ilipoingia Same, stesheni ilifurika kama kawaida yake. Akina mama wa milimani walikimbilia madirisha na ndizi zao, Wamaasai wakavuta mbuzi wao pembeni, makuli wakagombea magunia. Rogathe hakuinua hata kichwa. Alikuwa barazani kwa Mzee Sefu, mwenye duka, aliyempa nafasi ya kuweka cherehani yake, na gauni la bibi harusi mmoja wa Kisiwani lilikuwa halijatiwa hata mkono mmoja.

Ilibidi akiinue kichwa aliposikia watu wanacheka. Kijana mrefu wa shati jeupe, suruali pana ya kijivu na viatu vya rangi mbili alikuwa anakuja kiubavuubavu, mgongo ukutani, sanduku kubwa la bati amelishika nyuma yake kwa mikono miwili.

"Dada, samahani. Unashona suruali?"

"Nashona. Lete."

"Ndiyo hii niliyovaa."

"Basi geuka."

"Nikigeuka utacheka."

"Nimeshaanza. Geuka."

Msumari wa behewa ulikuwa umeipasua suruali tangu mfukoni mpaka nyuma ya goti. Mzee Sefu alimwazima kanga ya dukani, na kijana akakaa juu ya gunia la chumvi amejifunga maua mekundu, viatu vyake vya rangi mbili vikichungulia chini, huku akijitahidi kuonekana mtu wa maana.

"Naitwa Asheri, kwetu Usangi. Napiga besi katika Shengena Jazz."

"Besi ndiyo nini?"

"Ile sauti nene ya chini. Watu hawana habari nayo, lakini ikinyamaza miguu inakosa pa kukanyaga."

"Na hilo bati?"

"Amplifaya, inakuza sauti kwa betri. Ilikuwa ya gari la sinema la serikali. Walipoona imezeeka wakaiuza mnadani, nikaichukua mimi."

"Yaani umenunua kilichowashinda wenyewe."

"Njoo ukumbini Jumamosi, halafu useme tena hivyo."

Rogathe alikwenda, amevaa gauni lake la njano lenye kola ya duara, na akasema tena vilevile. Tarumbeta ya Hezroni, kiongozi wa bendi, ilipasua ukumbi. Magitaa yalilia vizuri. Ila besi ya Asheri, gitaa zito alilojichongea mwenyewe, ilitoka kwenye lile bati kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Kila alipoongeza sauti, nyuki waliongezeka.

Jumatatu Asheri alikuja barazani na bati lake, uso umemshuka.

"Sema tu," alisema.

"Nimeshashona suruali yako, sasa unataka nikushonee na besi?"

Alisema kwa utani, lakini alipofungua bati akaacha kutania. Ndani kulikuwa na spika, bakuli la karatasi nyeusi, na ukingo wake ulikuwa umekauka na kupasukapasuka. Rogathe akausukuma kwa kidole.

"Mbona imekakamaa hivi? Ni kama kola iliyotiwa wanga kupita kiasi. Mwenye shingo anataka kugeuka, kola haimruhusu."

"Sauti nene inataka karatasi iende mbali na kurudi," Asheri alisema polepole, maana na yeye ndiyo kwanza alikuwa anaelewa.

Wakaukata ukingo wote. Rogathe alitafuta ngozi laini ya mwanambuzi, akaikata duara, akaishona kwenye karatasi kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, kisha wakaipaka gundi pembeni. Walifanya kazi hiyo alasiri nzima, vichwa vimekaribiana, na Mzee Sefu alikohoa mara kadhaa bila kuwa na kifua.

Besi ikanenepa kidogo. Asheri akasema sasa tatizo ni bati lenyewe, liko wazi nyuma, na sauti ya nyuma inaila ile ya mbele. Wakajaribu sanduku la sabuni, likatetemeka lote. Wakajaribu pipa, likaguna kama mgonjwa. Ndipo Rogathe alipofikiria kasha lake.

Kasha hilo alichongewa na baba yake, Mzee Andrea wa Mamba, kwa mbao nene za mkulo, na maua yamechorwa kwa patasi pande zote. Kwao binti alichongewa kasha lake la harusi akiwa bado msichana, akakaa nalo popote alipokaa, awe kwa baba au kwa shangazi. Mkononi mwa mwanamume liliingia mara moja tu, mikononi mwa yule anayemwoa. Likishapita hapo halirudi. Rogathe alimweleza Asheri yote hayo nyumbani kwa shangazi yake, bila kuficha neno.

"Ukilibeba, umenibeba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Si kwa ajili ya besi tu?"

"Rogathe, mpenzi wangu, Moshi wametuita tukapige mwezi mzima. Nikimaliza nakuja Mamba na mjomba wangu, na mitungi ya dengelua, nimwone baba. Nikuapie kwa nini?"

"Usiape. Njoo tu."

Asheri akatoboa mbele ya kasha tundu la ukubwa wa sahani. Msumeno ulipoingia kwenye maua ya baba yake, Rogathe aliangalia pembeni. Waliifunga spika ndani, wakajaza sufi ya mto mmoja, wakaziba mfuniko kwa vipande vya blanketi, kisha Asheri akapunguza sauti ya ile amplifaya kuukuu badala ya kuilazimisha.

Jumamosi hiyo Same ilijua besi ni kitu gani. Haikupiga kelele. Ilipita sakafuni, ikapanda miguuni, ikakaa tumboni, na vioo vya karabai vikawa vinalialia vyenyewe. Wazee waliokuja kuchungulia tu walijikuta wanacheza. Asheri alimtazama Rogathe juu ya vichwa vya watu, na Rogathe alijua kwamba ameolewa, bado wazee tu kuambiwa.

Bendi ikaondoka na kasha. Baada ya muda simu ya dukani ililia, Mzee Sefu akainua mkono wa simu, akampa Rogathe na kwenda kupanga chumvi iliyokwisha kupangwa.

"Mpenzi, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko ndani ya mtungi. Kasha halijambo?"

"Linakusalimu. Watu wanakuja kulichungulia, wanadhani kuna mtu amejificha ndani."

"Na wewe?"

"Mimi nimekonda kwa ajili yako."

"Muongo. Sikiliza, nimempelekea baba habari. Amewaita wazee Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka."

Asheri akajibu kwa haraka, waya ukikwaruza.

"Nitakuja, mama. Nitaingia Mamba kwa mbwembwe, utanikimbia."

Rogathe akapanda Mamba. Jumapili ile nyumba ilifagiliwa mpaka uani, mama yake akapika tangu alfajiri, na wazee wakakaa kwenye viti wakiwa na makoti yao ya kanisani. Pombe ya miwa, hiyo dengelua yenyewe, ni juu ya upande wa mwanamume, kwa hiyo walikaa mikono mitupu wakizungumzia mvua. Jua lilihama upande mmoja wa ua kwenda wa pili. Wazee walianza kuaga, mmoja mmoja, kwa adabu sana, na adabu yao ilimuuma Rogathe kuliko kama wangemtukana.

Wa mwisho alipotoka, Mzee Andrea alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, kasha liko wapi?"

"Moshi, baba."

"Na wewe uko hapa," baba yake alisema, akaingia ndani.

Rogathe alijiambia labda anaumwa. Labda treni, labda mjomba. Alishuka Same, akapanda treni ya Moshi akiwa na gauni lile lile la njano, na njia nzima alikuwa anamtengenezea Asheri visingizio, kimoja kizuri kuliko kingine.

Ukumbi aliupata mchana, watu wakitundika karabai kwa ajili ya dansi ya jioni. Kasha lilikuwa jukwaani. Walikuwa wamelipaka rangi nyekundu, maua ya baba yake yote yamezama, na juu ya tundu waliandika kwa herufi nyeupe: KOLETA.

"Karibu, dada. Mlango bado haujafunguliwa." Aliyesema alikuwa msichana mnene wa kupendeza, amevaa sketi ya mduara na hereni. "Mimi ndiye Koleta, binti wa mwenye ukumbi. Naimba nao."

"Nimekuja kuona kasha."

"Na wewe umelisikia? Mchumba wangu amenichongea. Maua yote haya kwa mkono wake mwenyewe."

Rogathe alilitazama tena lile jina jeupe.

"Ameshakuchumbia rasmi?"

"Rasmi kabisa. Mjomba wake alitoka Usangi Jumapili ile ya kwanza baada ya Pasaka, na mitungi ya dengelua. Baba alifurahi mno."

Kwa hiyo hakuumwa, na treni haikuchelewa. Mjomba alikuwepo, mitungi ilikuwepo, siku ilikuwa ile ile. Vilipelekwa tu kwenye nyumba nyingine.

"Dada, hilo kasha limechongwa na baba yangu," Rogathe alisema. "Mzee Andrea, wa Mamba. Hiyo spika nimeishona mimi."

Koleta alifungua mdomo kubisha. Lakini Asheri aliingia kwa mlango wa nyuma akipiga mluzi, gitaa begani, akamwona Rogathe, na mluzi ukamkatikia mdomoni. Koleta alimtazama, akafunga mdomo wake.

"Rogathe. Ningekueleza."

"Nieleze. Nimekuja mwenyewe, nimekupunguzia safari."

"Huu ukumbi ndio kila kitu. Bila ukumbi, besi ile ingefia Same. Mzee wake alitaka kuona nia, Hezroni akanisukuma, mjomba akasema... Nilikuwa natafuta maisha yetu."

"Yetu mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Huyu simpendi."

"Asante," alisema Koleta.

Mtu mwingine angeondoka hapo hapo. Rogathe hakuondoka. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alimwona alivyokonda kweli, akaona ile suruali ya kijivu na mshono wake nyuma ya goti, akajisikia anasema maneno ambayo hakupanga kuyasema.

"Wazee wetu walikaa siku nzima, Asheri. Baba yangu aliaibishwa mbele yao. Lakini treni ya Same inaondoka jua likizama. Panda nami sasa hivi, tubebe kasha, ukamwambie baba kwa mdomo wako, na mzee wa huyu dada umwombe radhi kabla hatujatoka. Ukipanda, nitasahau."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Asheri alitazama karabai zinazotundikwa. Alitazama viti, vilivyopangwa mpaka ukutani, na Hezroni aliyekuwa anapangusa tarumbeta yake akijifanya hasikii.

"Watu wameshakata tiketi," alisema. "Baada ya dansi, mpenzi. Baada ya dansi tu, nakuapia."

Rogathe alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuona haiwezi.

"Nani ana bisibisi hapa?"

Aliyeileta alikuwa Koleta. Aliiweka mkononi mwa Rogathe, akapiga magoti upande wa pili wa kasha.

"Wewe fungua, ndugu yangu, mimi nashikilia."

"Msinifanyie hivi," Asheri alisema. "Rogathe. Koleta. Kesho fanyeni mtakalo, leo niachieni nipige."

Waliitoa spika na ngozi yake ya mwanambuzi, Rogathe akaiweka sakafuni miguuni pake, taratibu, maana haikuwa na kosa. Sufi aliiacha ndani. Makuli wawili wakalibeba kasha mpaka stesheni, na Koleta akawasindikiza hadi njia panda.

Treni ilichelewa kuondoka. Rogathe alikaa juu ya kasha kule stesheni, na upepo wa jioni ukaleta muziki kutoka ukumbini. Alisikia tarumbeta ya Hezroni, akasikia magitaa. Chini ya sauti hizo hakukuwa na kitu, kelele za nyuki tu, kisha hata nyuki wakanyamazishwa. Alifikiri angefurahi. Alilia mpaka mkunga mmoja wa Kipare aliyekuwa jirani yake akamuuliza amefiwa na nani.

Lori la Mamba hupanda siku ya gulio, na gulio zima lilishuhudia kasha jekundu likiteremshwa, limetobolewa mbele, limeandikwa jina la mwanamke mwingine. Angeweza kulifunika kwa kanga, na alikuwa nazo mbili, lakini hakulifunika. Aliwapa wazee shikamoo zao, mmoja mmoja, na wote wakaitikia marahaba.

Baba yake alikuwa uani. Alilitazama kasha kwa muda mrefu.

"Limerudi," alisema.

"Tumerudi, baba. Yeye ameuchagua ukumbi."

Mzee Andrea aliingia ndani, akatoka na randa. Alianza kuiparuza rangi nyekundu, kwanza lile jina, kisha pembeni, mpaka maua yakaanza kuonekana. Alipofika mbele alipitisha kidole kwenye ukingo wa lile tundu.

"Hili nitakuzibia kwa kipande cha mkulo. Hakuna atakayelijua."

"Liache, baba," Rogathe alisema. "Atakayekuja kuniposa aanze kwa kuliona hilo."

Baba yake alimtazama, akarudi kwenye rangi.