Maji ya Kikombe cha Dawa

— Binti, nasema mara ya mwisho. Ubatizwe upya kwa kuzamishwa Jumapili, ama harusi hakuna!

Mchungaji aligonga meza, vikombe vikaruka. Nilimtazama mchumba wangu, Fundi, anayetengeneza majokofu ya mtaa mzima na kuogopa kitu kimoja tu duniani: baba yake, huyo Mchungaji.

— Baba, mwenzangu ameshabatizwa.

— Kumwagiwa maji akiwa mchanga? Huko ni kunawishwa uso!

Mama yangu, mkunga mstaafu, alipitisha vidole kwenye rozari yake. Mimi nafundisha chekechea, kelele nimezizoea, ila neno lile lilinichoma. Nikikubali, nimesema imani aliyonilea nayo mama ni bure. Nikikataa, nimemkosa Fundi.

Simu ilitetema mapajani. Fundi, aliyekaa mbele yangu, ameandika: "Tutoroke tu."

Nikamjibu: "Sitaki ndoa ya kutoroka. Nataka baba yako anipe mkono."

Kisha nikasema kwa sauti:

— Mchungaji, siwezi kumkana mama yangu ili niwe mkweo.

— Basi tumemaliza! Unamwona huyu? Alizaliwa hapumui. Nilikuwa mbali, kwenye mkutano wa injili. Wakanipigia simu kwamba uzazi umekwama. Nikaanguka kifudifudi, nikaomba, mtoto akalia! Miaka ishirini na nane nautoa ushuhuda huo. Kanisa lililomwombea ndilo litakalomwozesha.

— Uliza kwanza nani alikuwa chumbani.

Tuligeuka sote. Alikuwa Mama Mchungaji, mlangoni, birika la chai mkononi. Macho yake yalikuwa kwa mama yangu.

— Dada, ni wewe. Nimekujua ulipobisha hodi.

Mama aliinamisha kichwa.

— Ya wodini hubaki wodini, mama.

— Leo yatoke! Mume wangu, mtoto alikuwa ameshabadilika rangi. Nikamlilia mkunga huyu, mbatize mwanangu. Akaniambia, "Mama, mimi Mkatoliki." Nikamwambia, "Mwanangu anakufa, wewe unanitajia dhehebu?" Akachota maji kwa kikombe cha dawa, akammwagia kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akarudi kumpa pumzi, mimi nasali Baba Yetu, na yeye kila akipata nafasi anaitikia. Ndiyo sala tuliyoijua sote wawili.

Mchungaji alimgeukia mkewe. Mimi mwenyewe nilimkodolea mama yangu macho kama mgeni. Miaka yote hiyo, hata kunidokezea!

— Mbona hukuniambia, mke wangu?

— Ulirudi na furaha, ukapitiliza madhabahuni. Ningekwambia saa ngapi?

— Kumbe mimi nimeloweshwa na pande zote mbili! — Fundi alinong'ona.

Mama peke yake ndiye aliyetabasamu.

Mchungaji alikaa taratibu, kama mtu aliyezeeka ghafla.

— Dada, ulimpa pumzi kwa muda gani?

— Dakika kumi na moja. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

— Na mimi kule nilikuwa namlilia Mungu atume mtu.

Alijipangusa uso kwa kiganja.

— Kumbe alimtuma. Leo nimemtukana sebuleni kwangu.

Alisimama, akamwomba mama radhi mbele yetu. Kisha akanigeukia, akaninyooshea mkono. Niliupokea kwa mikono yangu miwili.

Tulifunga ndoa kanisani kwetu. Padri alitufungisha, kisha akamkaribisha Mchungaji aseme neno. Waumini wa Mchungaji walijaza viti vya upande wa kulia, wakasubiri ushuhuda walioujua kwa moyo. Safari hii hakuanzia kwenye mkutano wa injili. Alianzia wodini, kwenye kikombe kidogo cha dawa, na watu wakashika vichwa.

Alipomaliza, alimwomba mama asimame.

— Dada, tuanzishie ile sala yenu.

Mama alianza, "Baba yetu uliye mbinguni," na kanisa zima, kulia na kushoto, likaitikia.