Ninoska na Nyota Zilizojificha Vumbini

Kila asubuhi Ninoska Ayavire alikunywa chai kwa mkate na jibini ya mbuzi, kisha akakimbilia shuleni, pale kijijini Toconao, kabla ya wenzake wote. Mama yake alidhani ni bidii. Kumbe mtoto alikuwa akiwahi dawati la mbele. Akilikosa, maandishi ya ubaoni yaligeuka ukungu, ikambidi anakili kwa binamu yake, Damián.

Hakumwambia mtu. Darasani mwao Eliseo alivaa miwani, na wote walimwita Macho Manne. Ninoska hakulitaka jina hilo.

Siku moja Mwalimu Eliana alimleta Dakta Rosalba, mtaalamu wa nyota anayetumia zile darubini za redio zilizo juu mlimani, zinazofanana na mabakuli makubwa meupe.

"Yale madoa meusi angani usiku, katikati ya nyota, mnayaitaje nyumbani?" aliuliza mgeni.

"Lama na mtoto wake!" darasa zima likaitikia, likimtaja yule mnyama wa manyoya mengi anayefugwa kwao.

"Vyema. Kuna waliodhani ni matundu matupu. Sivyo. Ni mawingu ya gesi na vumbi baridi, na ndani yake nyota huzaliwa, nyingi pamoja, kama watoto wa mbwa pangoni. Vumbi huzificha machoni petu, lakini mawimbi ya redio hulipenya."

Akabandika ubaoni picha ya wingu mojawapo. Alitaka wanafunzi wawili waende kituoni kwenye darubini hizo kumsaidia kutafuta nyota changa katika picha mpya. Ninoska alitamani sana kwenda. Lakini siku hiyo watoto wa madarasa ya chini walikuwa wamekalishwa mbele, naye alikuwa nyuma kabisa.

"Wewe binti wa nyuma, unaona nyota ngapi?"

"Sema sita!" Damián akamnong'oneza.

"Sita, Dakta."

"Kubwa kuliko zote iko upande gani?"

Damián alifungua mdomo, lakini mwalimu alikuwa akimtazama, akaufunga. Ninoska aliikazia macho picha. Angeweza kubahatisha, kulia au kushoto. Ila aliona aibu kuendelea kusema jambo asilolijua.

"Dakta, nimedanganya. Mimi naona moja tu, kama tone la maziwa lililomwagika."

Darasa likaangua kicheko. "Kumbe kipofu huyu!" mmoja akapiga kelele.

Dakta Rosalba hakucheka. "Njoo mbele polepole. Zikiongezeka, niambie."

Ninoska akatembea. "Mbili... Nne..." Alipofika ubaoni, pua ikakaribia kugusa picha. "Sita. Hapana, saba! Kuna kadogo kamejibana nyuma ya hii kubwa."

"Ni saba kweli," Dakta alisema, akawageukia waliocheka. "Darubini zetu za zamani nazo ziliona doa moja hapa. Hatukuzicheka. Tulitengeneza zenye kuona vizuri zaidi."

Jioni Mwalimu Eliana alikwenda nyumbani kwa kina Ninoska kueleza yaliyotokea. Mama alimshika Ninoska mabega. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa kuitwa Macho Manne, mama."

Wakaenda mjini Calama kupima macho. Siku walipoichukua miwani, Ninoska hakulala garini njia nzima. "Mama, tazama! Wale lama wamefungwa nyuzi nyekundu masikioni!"

"Wamefungwa siku zote," mama alijibu, akicheka huku akijifuta machozi.

Shuleni mtu akaita, "Macho Manne wa pili huyo!" Eliseo akampa Ninoska mkono. "Karibu chamani, dada. Mimi ndiye mwenyekiti." Wote wakacheka, na mara hii Ninoska alicheka pia.

Dakta Rosalba aliwachagua Ninoska na Damián. Kituoni, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, Damián aliuliza, "Dakta, kwa nini ulimchagua aliyekiri kwamba haoni?"

"Kwa sababu alikiri. Mtu akisema anaona asichokiona, hutupotosha sisi sote. Na mwenye shida ya macho akinyamaza, huteseka bure wakati dawa ipo. Mwili ukiwa na tatizo, semeni mapema. Si aibu. Mmesikia?"

"Ndiyo, Dakta," Damián akajibu.

Ninoska alikuwa ameinamia picha. "Dakta! Hapa pembeni kuna nyota nyingine, ina ukungu ukungu!"

Dakta Rosalba akatazama alipoonyeshwa, kisha akamtazama yeye.

"Futa miwani kwanza, binti yangu."