Kilo za Mguu wa Derly

Kila Alhamisi, chakula cha mchana kikishaliwa, Derly Sanabria aliketi kwenye benchi la jikoni kwa bibi yake katika mji mdogo wa Samacá, akajaza daftari. Magongo aliyaegemeza ukutani, mguu wa kushoto akaulaza juu ya kigoda, kisha akaandika siku saba kwa mkupuo mmoja. Ijumaa asubuhi, kilo 14.8. Ijumaa jioni, kilo 15.1. Hapa na pale alibadilisha kalamu, ya buluu kwa nyeusi, maana uongo nao una mafundi wake.

Derly alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Miezi michache nyuma aliteremka mteremko wa kanisani kwa baiskeli bila kugusa breki, kwa sababu binamu zake walisema hathubutu. Alithubutu. Mfupa wa muundi ukavunjika, akafungwa plasta mjini Tunja, na plasta ilipotolewa ndipo akaja Wilmer.

Wilmer Tibaduiza alikuwa mwanafunzi wa uzamili chuo kikuu. Alikuwa mwembamba hivi kwamba bibi Eduvigis alimpakulia chakula kabla hajamsalimia. Alikuwa akiandika programu ya kompyuta inayoiga jinsi mfupa unavyojijenga upya. Siku ya kwanza alifungua kompyuta yake juu ya meza ya jikoni, akamwonyesha Derly mchoro wa mfupa wake mwenyewe, umegawanywa vipande vidogo maelfu.

"Mfupa si jiwe, bingwa," alimwambia. "Ndani mna vibarua wa aina mbili. Kuna wanaokula mfupa uliochoka, na kuna wanaojenga mpya."

"Nani anawaambia wajenge wapi?"

"Uzito. Ukiukanyagia mfupa kwa kiasi, wanajua hapa pana kazi. Usipoukanyagia, wanalala. Kama binamu zako tu."

Kazi ya Derly ilikuwa nyepesi kuieleza. Asubuhi na jioni aweke mguu mgonjwa juu ya mizani, aukandamize mpaka sindano ifike kilo alizopangiwa na daktari, kisha aandike alichokiona, hata kama ni pungufu. Wilmer angeingiza namba hizo kwenye programu, programu ingechora mfupa, na mchoro ungelinganishwa na picha ya eksirei. Wagonjwa walikuwa kumi na wawili. Michoro ikilingana na picha, huenda siku moja madaktari wakajua mapema mgonjwa akanyage kiasi gani ili apone.

Asubuhi ya kwanza Derly alikanyaga. Sindano ilipofika tisa, maumivu yalimpanda hadi gotini. Daktari alishasema maumivu madogo ni ya kawaida. Lakini Derly, yule yule asiyejua breki, aliingiwa na hofu mfupa usije ukakatika tena. Akaona aibu kwa kuogopa, na aibu ikamziba mdomo. Kesho yake bibi aliulizia mizani.

"Unaitumia saa hizi? Nataka kupima viazi vya soko la Jumatatu."

"Chukua tu, bibi. Ya mguu nimeshamaliza."

Mizani ikaenda stoo, haikurudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Derly ilikuwa na urefu wa wiki sita, na kila Alhamisi ilikuwa na sifa zake. "Wangekuwa wote kama wewe," Wilmer alikuwa akisema, akifunua kurasa nadhifu, "ningeshaoa."

Wiki ya sita Derly alipigwa picha. Alhamisi iliyofuata Wilmer alifika amenyong'onyea kama kuku wa mvua. Hakumwita mtu bingwa.

"Tazama," alisema. Kwenye kompyuta, mahali pa mvunjiko, programu ilikuwa imechora mfupa mpya mnene kama kidole gumba. Kwenye picha ya eksirei palikuwa na utando mwembamba tu, kama ukungu. "Wagonjwa kumi na mmoja wanakaribiana na programu. Mmoja amekataa, na ndiye aliyefuata maagizo kuliko wote. Kwa hiyo nimekosea kwenye msingi wenyewe, kanuni ya uzito. Msimamizi wangu ameniambia nikishindwa kueleza hili, nisiende kuitetea tasnifu yangu mbele ya watahini Ijumaa ijayo. Nianze upya."

"Kuanza upya ni muda gani?" aliuliza bibi.

"Mwaka. Nimesoma mistari elfu nne ya programu mara tatu, sioni kosa."

"Kula kwanza. Mistari haina miguu, haitatoroka."

Wilmer alishika kijiko, akakiweka. Akamgeukia Derly. "Samahani, mdogo wangu. Umejitesa wiki sita, asubuhi na jioni, kwa ajili ya programu mbovu."

Derly alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Kugombezwa angeweza. Kuombwa radhi hakuweza. Masikio yalimwaka. Alitamani benchi limmeze, lakini benchi lile lilikuwa la mbao ngumu, halikuwa na habari.

Alichukua magongo. "Kaka Wilmer, njoo stoo. Nataka kukuonyesha kitu."

Mizani ilikuwa nyuma ya gunia la viazi, udongo mkavu umeganda juu yake, mahali pa mguu.

"Iko hapa tangu lini?" aliuliza Wilmer.

"Siku ya pili."

"Na kilo kumi na nne nukta nane?"

"Nilitunga."

Wilmer aliketi juu ya gunia. Aliinama, akaifuta mizani kwa kiganja. "Hii ni ya sindano," alisema polepole. "Haisomi nukta. Wiki sita nimetazama nukta ambazo mizani hii haiwezi kuzisema, nikafurahi kwa kuwa ziliandikwa vizuri. Mimi nami nina kosa langu."

"Kumbe vilivyokuwa vikikanyaga mizani ni viazi vyangu," alisema bibi mlangoni. "Si ajabu vyenyewe vimenenepa." Hakuna aliyecheka. Bibi akaacha mzaha. "Kwa nini hukusema, mjukuu wangu?"

"Niliogopa." Neno lilitoka dogo. "Halafu nikaona aibu kwamba nimeogopa."

Mchana ule waliandika daftari jipya, bibi akiwa shahidi. Siku ya kwanza asubuhi: kilo tisa. Siku ya kwanza jioni: sifuri. Kisha sifuri, na sifuri tena. Derly aliziandika zote kwa mkono wake, kwa kalamu moja. Hakuwahi kujua kuwa sifuri ni nzito kiasi kile. Wilmer alipoziingiza kwenye programu, mfupa mnene ulipungua mpaka ukawa utando, ukakaribiana na ule wa kwenye picha.

"Ijumaa sitataja jina lako," alimwahidi. "Nitasema mgonjwa wa saba."

Siku ya Ijumaa ukumbi wa chuo ulijaa. Derly na bibi walikaa safu ya tatu. Wilmer alieleza vizuri, mpaka Profesa Rincón, mwanamke wa mvi aliyetoka chuo kingine kuja kumtahini, alipoinua mkono.

"Unasema daftari la kwanza la mgonjwa wa saba lilikuwa la uongo, ukalibadilisha, na sasa programu yako imekubali. Bahati njema hiyo, kijana. Nitajuaje kwamba la pili halikutungwa lifanane na picha?"

Wilmer aligeuza ukurasa wa maelezo yake. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa na jina la mtu.

Mwaka mzima wa Wilmer ulikuwa ukining'inia pale, na Derly aliuona. Alisimama juu ya magongo yake. Nyuso zote zikageuka.

"Mgonjwa wa saba ni mimi," alisema. "La kwanza niliandika ili nisifiwe. La pili halina cha kusifiwa. Niliogopa kuumia, nikasema uongo."

Profesa Rincón alivua miwani, akafunua nakala ya daftari, akahesabu kwa kidole. "Sifuri themanini na tatu," alisema. "Hakuna mtunzi anayejitungia hizi. Endelea, kijana."

Wilmer alifaulu. Baadaye profesa huyo alimkuta Derly nje, kwenye ngazi, akiangalia viatu vyake.

"Bado una aibu?"

"Ndiyo, profesa."

"Usiifukuze upesi, inakufundisha. Siku ile ya kwanza ungesema 'naogopa', daktari angekupunguzia kilo, na aibu ingeisha kabla chai haijapoa. Wewe ukachagua ya wiki sita, ukamgawia na mwenzio. Kompyuta haijui mwongo wala mkweli, mwanangu. Inapokea inachopewa, na wagonjwa wengine ndio hulishwa matokeo yake. Namba ndogo ya kweli ina faida kuliko kubwa ya kutunga." Akamwangalia mguu. "Haya, kesho asubuhi utakanyaga kilo ngapi?"

Derly alifikiri.

"Sijui bado," alisema. "Nitaandika nitakachokiona."

"Sasa ndiyo tunaanza matibabu," alisema profesa, akampokea gongo moja, wakashuka ngazi pamoja.