Majina Tisa

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Elieth alikuwa amekwisha kufungua darasa la sita, kufuta ubao na kukusanya madaftari ya hisabati. Alikuwa kiranja katika shule moja ya msingi pale Kigwa, si mbali na kituo cha reli. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwandiko mzuri, na kichwa kilichoshika kanuni upesi. Mwalimu Raymundi, aliyewafundisha hisabati, alimwamini kiasi cha kumwachia ufunguo wa kabati la chaki.

Aliyemnyima raha alikuwa mmoja tu, Theodora, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Theodora hakuwa mwepesi, lakini akipata jibu, alijua lilikotoka. Mama yake aliuza karanga kituoni, naye alianza kuwapimia wateja kwa kopo na kisado kabla hajajua kusoma.

Muhula ule, walimu wa hisabati wa shule za jirani walikuwa waje Kigwa. Walikuwa na umoja wao. Kila baada ya miezi miwili walikutana katika shule moja, wakamtazama mwenzao akifundisha, kisha wakakaa kujadiliana. Safari hii zamu ilikuwa ya Mwalimu Raymundi. Akifanya vizuri, angekwenda kufundisha mbele ya mkutano wa mkoa, Tabora mjini.

"Atakayejibu swali la mwisho ndiye nitakayefuatana naye," aliwaambia wanafunzi.

Tangu siku hiyo Elieth alijiona yuko Kanyenye, pale Tabora mjini, sketi imenyooshwa pasi, akiandika ubaoni mbele ya walimu wa mkoa mzima.

Wiki nzima walirudia somo lilelile, kugawanya sehemu kwa sehemu. Geuza ya pili juu chini, kisha zidisha. Waliimba hivyo mpaka kanuni ikawatoka mdomoni bila kufikiri.

"Siku ya wageni wote mnyooshe mikono," Mwalimu alisema. "Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitajua wa kumchagua."

Darasa likacheka. Elieth naye akacheka.

Alhamisi Mwalimu alimwita ofisini. "Elieth, wapo wanaotuangusha. Niandikie majina tisa. Kesho watapalilia shamba la mihogo mpaka wageni waondoke."

Manane hayakumpa kazi. Alianza na Ngollo, aliyekuwa bado anahesabu kwa vidole, akaendelea. Kwenye jina la tisa kalamu ikasita. Kisha akaandika Theodora.

Mwalimu aliposoma alinyanyua uso. "Theodora naye?"

"Jaribio la mwisho alipata nne kati ya kumi, mwalimu."

Hilo lilikuwa kweli. Theodora alikosa shule wiki mbili akimuuguza mama yake, na jaribio lilimkuta hajashika chochote. Mwalimu alikuna kidevu. Kulikuwa na viti vya kuazima na chai ya wageni ya kutafuta.

"Haya. Wapelekee wajue."

Theodora aliisoma ile karatasi mara mbili. "Nani ameniandika?"

"Mwalimu," Elieth alijibu, huku ameinama kama anayefunga kamba za kiatu.

"Amesema siwezi?"

"Mimi sijui. Nimepewa karatasi tu."

Ijumaa walikuja walimu kumi na wanne. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Advera, mama wa makamo aliyefundisha Tabora mjini zaidi ya miaka thelathini. Walikaa nyuma ya darasa, daftari mapajani. Somo likaenda bila kukwama. Mikono ilinyanyuka yote kwa pamoja, na kila aliyeitwa alijibu sawasawa. Swali la mwisho lilikuwa robo tatu kugawanya kwa moja ya nane.

"Sita," alisema Elieth. Wageni wakapiga makofi.

Mwalimu Advera alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Vizuri, mwanangu. Sasa nieleweshe. Tulikuwa na robo tatu tu, haifiki hata moja. Tumeigawanya, mbona imekuwa sita?"

"Kwa sababu unageuza ya pili, kisha unazidisha."

"Na kwa nini tunageuza?"

Elieth alitazama ubao. Alimtazama Mwalimu Raymundi, naye akatazama dirishani. Darasa zima halikuwa na mkono hata mmoja uliosimama.

Mwalimu Advera hakumkaripia. Alionyesha pembe ya ubao, mahali Elieth alipoandika asubuhi kwamba waliohudhuria ni arobaini na mmoja. "Na hii nayo imenishinda. Mimi nimehesabu vichwa thelathini na viwili."

"Tisa wanaumwa, mwalimu," alisema Elieth.

Nje, nyuma ya vyoo, majembe yalikuwa yakisikika. Mwalimu Advera alisikiliza kidogo, akainuka, akatoka. Aliporudi alifuatana na watoto tisa, miguu yao imejaa udongo. Akawauliza swali lilelile.

"Theodora anajua," alisema Ngollo.

"Mimi ni wa shambani, mwalimu," alisema Theodora.

"Hata wa shambani ninamsikiliza."

Theodora alisema huku macho yakiwa chini. "Nina karanga robo tatu ya kisado. Ninajaza vikopo, kila kimoja kinachukua moja ya nane ya kisado. Kila robo inajaza vikopo viwili. Kwa hiyo vitajaa sita. Si kwamba karanga zimeongezeka. Tumehesabu vikopo." Kisha akasema, "Naomba ruhusa nikamalizie mstari wangu." Akatoka bila kungoja jibu.

Hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya somo Elieth aliitwa mbele ya walimu. Mwalimu Raymundi alikuwa ameshika chaki ambayo hakuwa na kazi nayo.

"Majina niliagiza mimi," alisema. "Huyu ni mtoto."

"Na la Theodora?" aliuliza Mwalimu Advera.

Mwalimu Raymundi alimtazama Elieth. Elieth akaanza kulia, akasema kwa shida, "La Theodora niliandika mimi. Nilitaka kwenda Tabora. Halafu nikamwambia ni mwalimu aliyemwandika."

Mwalimu Advera alimgeukia kwanza mwenzake. "Hatukufunga madarasa yetu kuja kupiga makofi, Raymundi. Umoja huu upo ili mtu aseme, hapa nimeshindwa, nisaidieni. Wale tisa uliowaficha ndio tuliokuja kuwaona." Kisha akamwambia Elieth, "Nenda ukaseme kweli palepale ulipopeleka uongo."

Jumatatu Theodora hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano Mwalimu Raymundi na Elieth walikwenda kwao. Mama Theodora, bado amekonda kwa ugonjwa, alikuwa akibangua karanga na binti yake. Waliamkiana, wakapewa vigoda. Mwalimu akaomba radhi. Elieth naye akasema yote.

Mama alizungumza polepole. "Alirudi Ijumaa akaniambia, mama, shule si yangu, nitauza karanga. Mimi nikasema moyoni, ni ugonjwa wangu huu umemharibia mtoto. Siku zote hizi nimejilaumu mimi."



"Ulikuja hapa mama alipokuwa kitandani," Theodora alimwambia Elieth. "Ulimletea uji. Ulijua kwa nini nilipata nne."

Alirudi shuleni siku iliyofuata, akakaa dawati la mbele na Ngollo.

Tabora hakwenda mtu. Mwalimu Raymundi aliomba umoja urudi Kigwa, na baada ya miezi miwili walimu walikuja tena. Safari hii watoto wote arobaini na mmoja walikuwa darasani. Ngollo alikosea mara tatu, na walimu wawili wakakaa naye sakafuni na vikopo mpaka akaelewa. Elieth alinyoosha mkono, akasema hajaelewa, naye akaeleweshwa.

Wageni walipokuwa wakiondoka alimfuata Mwalimu Advera. "Mwalimu, nimeomba msamaha mara nyingi. Ananisalimia, lakini haongei na mimi. Itachukua muda gani?"

"Sijui, mwanangu. Huenda asirudi kuwa rafiki yako. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi kusema kweli kumenisaidia nini?"

Mwalimu Advera aliweka mkoba wake chini. "Umemsaidia yeye. Alikuwa ameamini kwamba hawezi, na mama yake ameamini kwamba ndiye aliyemponza. Mzigo huo umewatua. Wewe ulitaka ukweli ukulipe, lakini ukweli haudaiwi malipo. Mtu unamwambia kwa kuwa ni haki yake, hata kama baada ya hapo hatakutazama tena. Likumbuke hilo siku nyingine ukishika kalamu kuandika jina la mwenzako."