Sahihi Saba za Faili ya Maurine

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, saa saba na dakika ishirini mchana, watu wakiwa kwenye maombi.

Kiwanda cha mablanketi kilikuwa kando ya Barabara ya Jogoo. Kila Jumanne saa ya chakula wafanyakazi walijaa kantini, wakaimba kwa ngoma na kayamba mpaka mabati yakatetemeka. Siku hiyo waliporudi, kabati la chuma katika ofisi ya meneja lilikuwa wazi. Faili moja haikuwapo.

Inspekta Wakoli alifika saa nane. Hakukaa. Alilizunguka lile kabati mara tatu kama mtu anayetafuta pa kutokea.

Kitasa kilikuwa kimetobolewa kwa keekee ya mkono, tundu moja safi. Vumbi la chuma halikuwa sakafuni. Lilikuwa limefagiliwa, likafungwa katika kipande cha gazeti, likawekwa juu ya meza.

"Mwizi gani huyu anafagia?" Wakoli aliuliza.

Meneja Oketch alikuwa anafuta jasho shingoni. "Mkamate tu, Inspekta. Hayo ya kufagia utayajua mbele."

"Faili ni ya nani?"

"Ya mfanyakazi."

"Jina lake?"

"Hiyo ni siri. Mambo ya afya ya wafanyakazi hatutoi ovyo hapa. Kampuni ina sheria."

Wakubwa huikumbuka sheria siku ile inayowafunika wao.

Wakoli akashuka mpaka getini. Bawabu Maingi alisimama, kikombe cha chai mkononi.

"Mzee, nani aliingia saa ya maombi?"

"Fundi tu, afande. Ovaroli ya buluu, kisanduku cha vifaa. Fundi nani humwuliza?"

"Na faili iliyoibwa unajua ni ya nani?"

"Si ya marehemu Maurine? Bosi amelitaja hilo jina kwa kelele mpaka likafika huku. Yule wa titi." Maingi akashtukia mdomo wake mwenyewe. "Mungu anisamehe. Ona, hata bawabu anajua."

"Ulijuaje?"

"Kwa maombi, mwaka jana mwezi wa tano. Mama Mideva alisimama akasema tumwombee dada Maurine, anaenda kukatwa titi. Maurine mwenyewe amekaa benchi la tatu! Tulikuwa watu mia mbili, tukasema amina. Kesho yake vijana wa mashine wakaanza, 'Niaje, nusu kifua!' Basi hospitali hakwenda tena. Alisema heri afe akiwa mzima. Mwezi wa kwanza tukamsindikiza."

"Ana mume?"

"Simiyu. Anafanya karakana ya reli, anakaa mtaa wa Kaloleni, hapo jirani."

Wakoli akakumbuka lile gazeti. Katika karakana ile, fundi akiacha vumbi la chuma sakafuni, msimamizi anamrudisha nyumbani. Mkono ulikuwa umezoea.

Kabla ya kuondoka alimwita Triza Mideva, karani wa faili.

"Mama, habari za ugonjwa wa Maurine uliambiwa na nani?"

"Na mumewe. Alikuja akilia, akasema tumwombee."

"Siku gani?"

"Sikumbuki, baba. Mimi niliomba tu. Kuomba nako ni kosa?"

"Kuomba si kosa," Wakoli alisema. Akaenda Kaloleni kwa miguu, haraka, kama anayefukuzwa.

Mlango wa Simiyu ulikuwa wazi. Faili ilikuwa mezani, haikufichwa.

"Karibu, afande. Nilidhani mtakuja na gari."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Pingu si unazo?"

"Ninazo. Kwanza niambie kwa nini."

Simiyu hakutulia kitini. Alisimama, akakaa, akasimama.

"Daktari aliifunga barua kwa gundi, akaandika juu yake SIRI. Maurine alitaka likizo ya wiki sita tu, akatwe, apone, arudi kazini. Ofisi ikasema bila kujua ugonjwa hakuna likizo. Mimi ndiye nilimwambia, peleka hiyo barua, itakaa kwenye faili, wale ni watu wazima. Tulikuwa tunajua watu watatu. Daktari, yeye, na mimi. Ilipotangazwa kwa maombi akamwuliza Mideva, nani amekuambia? Akajibiwa, mumeo."

"Ukakana?"

"Mpaka sauti ikakauka. Miezi minane ananipakulia chakula bila neno. Siku ya mwisho nilimshika mkono. Akautoa." Alisimama tena. "Nimeenda kwa ile ofisi mara nne, afande, kwa adabu, kofia mkononi. Nionyesheni tu nani aliisoma. Wakasema, faili ni siri. Ndipo nikarudi na keekee."

Wakoli akaigeuza faili. Kampuni ile ilikuwa na desturi yake: kila anayechukua faili hutia sahihi na tarehe kwenye jalada. Sahihi zilikuwa saba. Ya tatu ilisema T. Mideva, 16 Mei 1994. Siku moja kabla ya maombi.

"Sasa nimejua," Simiyu alisema. "Nimwambie nani?"

Alinyoosha mikono yake mwenyewe.

Walirudi kiwandani pamoja. Mideva alipoona sahihi yake, aliifunika kwa kiganja.

"Niliisoma," alisema. "Nilimhurumia, haki ya Mungu, nikataka aombewe. Aliponiuliza nikaogopa kufutwa kazi. Nikamtaja mumewe." Akamtazama Simiyu, akashindwa kuendelea kumtazama. "Nilidhani mume husamehewa."

Simiyu aligeukia ukuta. Pingu zililia kidogo.

Oketch akanyoosha mkono. "Kumbe mwizi umempata. Kazi nzuri. Sasa nirudishie faili."

Wakoli hakumpa. Alisoma jalada kwa sauti, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Meneja. Msaidizi wa meneja. Karani wa faili. Msimamizi wa zamu. Mtunza stoo. Mkuu wa kantini. Kapteni wa timu ya mpira.

Simiyu alishtakiwa kwa kuvunja na kuiba. Kwa wale saba Wakoli alitafuta kifungu cha sheria, akafunua kitabu chote, hakukipata. Lakini jioni ile, mle ofisini, aliuliza swali moja. Oketch akatazama dirishani. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, na bado anatazama dirishani.

"Kati ya hawa saba, bwana meneja, daktari ni yupi?"