S Yenye Tumbo Kubwa

Herufi zilikuwa zimepandishwa juu ya duka la friji, mchana kweupe. Nono, za mviringo, tupu katikati, zimezungushiwa mstari tu. Zile ambazo watu wa zamani walidhani ndizo tutakazoandikia tukishahamia mwezini. Mchoraji wake, bwana mmoja wanayemwita Duara, alisimama chini yake. Hakuwa amemuuzia mtu herufi hizo. Kituo cha televisheni kilichomwagiza azichore kilishaliona bango, na sasa kilimwita tapeli aliyeuza kazi moja mara mbili.

"Wameniharibia jina, Inspekta," alisema.

Inspekta, mama asiyependa porojo, alikwenda karakana ya Duara. Kufuli zima, dirisha zima. Mtaalamu wa uchunguzi alikuta kwenye kompyuta iliyohifadhi herufi alama za vidole za watu wawili tu: Duara na mdogo wake wa tumbo moja, aliyefanya naye kazi meza zikigusana.

Duara akaja juu. Mama yao alifariki mdogo wake bado ananyonya; yeye ndiye aliyemlea, akamfundisha hata kushika penseli. Wamtafute mwizi kwingine. Mdogo mtu naye alihojiwa, macho makavu: hajui, hakuona, labda wamedukuliwa. Mwenye duka alisema alinunua mtandaoni, kwa mtu mwenye jina la uongo.

Hapo upelelezi ungekufa. Lakini Inspekta aliomba michoro ya mwanzo ya Duara, iliyo kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akailaza juu ya picha ya bango. A ikalala juu ya A, R juu ya R. Zote zilikaa sawasawa isipokuwa S. Kwenye karatasi matumbo yake mawili yalilingana. Kwenye bango, la chini lilikuwa limenenepa kidogo.

Duara aliitazama, akavuta kiti, akakaa.

"Nani alikuwa anakusumbua kuhusu hii S?" Inspekta aliuliza.

Duara akajibu. "Mdogo wangu. Kila siku aliniambia inaonekana kama itaanguka. Nikamkatalia."

Mwizi wa kawaida huchukua alichokikuta. Huyu roho ilimuuma kupandisha juu ya duka kitu anachojua kina kasoro.

Mdogo mtu aliitwa tena, safari hii mbele ya kaka yake. Inspekta aliweka karatasi na picha mezani.

"Nani aliirekebisha?"

"Mimi."

"Kwa nini uliiba?"

"Nusu ya herufi hizo nimechora mimi. Siku ya kuzipeleka televisheni akaweka jina lake peke yake. Akanitambulisha: huyu kijana wangu, ananichongea penseli."

"Nilitania," Duara alisema.

"Wote walicheka, kaka. Na wewe ulicheka."

Inspekta alichukua kalamu. Maelezo ya mlalamikaji lazima yaseme mali ni ya nani, na ndugu wakipatana, shauri laweza kufutwa hapo hapo. Aliwaambia hivyo.

Duara alikuwa analia waziwazi, hajifuti.

"Andika majina mawili," alisema. "Langu na lake."

Mdogo wake akainua uso.

"Kisha mfunge. Nilipoitwa tapeli, yeye ndiye aliyenishika bega. Akaniuliza, kaka, ni nani anaweza kukufanyia hivi?"

Konstebo akatoa pingu.